Mpokezano wa Ishara: Kiswahili, Homa na Protini Moja ya Mwili wa Binadamu katika Bonde la Kilombero



 Waliozoea kuhudhuria mfululizo huu wa mihadhara wametarajia, na wana haki ya kutarajia, utenzi, au riwaya, au angalau kitenzi. Leo nawaletea protini. Kitenzi sitawanyima, kwani hoja yangu kubwa imejengwa juu ya viambishi vya kitenzi cha Kiswahili. Ila viambishi hivyo vitatumika kueleza jambo litokealo ndani ya seli moja ya damu ya mtoto aliyelala katika kibanda cha shamba la mpunga, kandokando ya mto Kilombero, usiku ule anapoanza kutetemeka.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya kisasa kwa sababu hakina istilahi. Nadhani wasemao hivyo wanalia penye kaburi lisilo na maiti. Istilahi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na tangu hapo hatujapungukiwa na maneno kama seli, utando, jeni na kimeng’enya. Neno lisilokuwamo hukopwa, likatiwa irabu mwishoni, likaendelea na safari. Ugumu uko pengine. Uko katika kuamua, kila tunapoandika sentensi kuhusu seli, ni nani anayetenda. Na sarufi yetu, kwa kuwa ni kali katika jambo hilo, haituruhusu kukwepa swali. Na jambo hili si la darasani peke yake. Katika bonde la Kilombero uhusiano kati ya neno na ugonjwa umewahi kuamua mtoto apelekwe wapi kwanza, na saa zilizopotea njiani hazirudi.

Bonde na maneno yake

Ifakara ni mji wa mkoa wa Morogoro, katikati ya bonde pana linalofurika kila masika kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe ni miongoni mwa wenyeji wake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliongeza wageni. Na baadaye wakaja wafugaji, wengi wao Wasukuma, wakifuata malisho. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya shuleni na ya zahanati. Mama anaweza kumbembeleza mwanawe kwa Kindamba, lakini mbele ya mganga wa zahanati ataeleza maradhi ya mtoto huyo kwa Kiswahili.

Mtafiti wa Kiswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapo maabara ya taasisi ya tiba za nchi za joto ya Uswisi. Kutokana na maabara hiyo kikazaliwa kituo cha Kitanzania cha utafiti wa afya na maendeleo mwaka 1996, ambacho tangu mwaka 2008 kinajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Ni vigumu kuutaja utafiti wa malaria barani Afrika bila kuyataja majina ya vijiji vya bonde hili. Katika kijiji cha Idete watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki katika jaribio la chanjo iitwayo SPf66, ambayo ilikuwa vipande vya protini vilivyotengenezwa kwa kemia na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba ilipunguza malaria kwa asilimia 31; ilipojaribiwa kwa watoto wachanga wa hapo hapo bondeni, matokeo ya mwaka 1999 yalishuka hadi asilimia 2, na chanjo hiyo ikawekwa kando. Mradi wa vyandarua ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza bidhaa zake kwa jina la Zuia Mbu, jina ambalo ni sentensi kamili ya Kiswahili katika hali ya kuamuru, na ambalo halikuhitaji kamati ya istilahi. Taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27.

Taarifa hizo zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kukumbuka kwamba nambari nyingi za namna hiyo zilianza kama maneno ya Kiswahili. Karani wa utafiti anabisha hodi, anakaribishwa mkekani, na anauliza: je, mtoto huyu amepata homa katika wiki mbili zilizopita? Mama anajibu ndiyo au la. Jibu lake linaingizwa katika jedwali, jedwali linakuwa asilimia, asilimia inakuwa sera. Uzito wa jengo zima umelala juu ya neno homa.

Homa, malaria na degedege

Neno homa tumelipata kutoka Kiarabu, na huko linataja joto la mwili. Kwa Waswahili limetanuka. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo na Ifakara katika miaka ya 1990 zilieleza vizuri utanuzi huo: homa yaweza kuwa joto linalopimika, lakini pia ni uchovu, maumivu ya viungo, kichwa kizito na kukosa hamu ya kula. Mtu husema anajisikia homa ilhali kipimajoto hakioni kitu. Kuna homa ya kawaida, ipitayo yenyewe, na kuna homa ya malaria, ambayo hospitali imeipa jina. Kwa hiyo karani na mama wanaweza kutumia neno moja, wakaelewana kwa adabu zote, na wasizungumze jambo moja.

Lililo zito zaidi ni neno degedege. Mtoto mwenye joto kali anakakamaa, macho yanapinduka, viungo vinarukaruka. Wengi hulihusisha jina hilo na ndege, kwa kuwa mtoto hupapatika mfano wa mbawa, na yapo masimulizi ya ndege au nondo wa usiku apitaye juu ya mtoto na kumwachia balaa. Degedege likawa ugonjwa unaojitegemea, wenye chanzo chake, waganga wake na miiko yake, mmojawapo ukiwa kwamba mtoto mwenye degedege asichomwe sindano kwani atakufa. Daktari alipoiona hali hiyo hiyo aliiita malaria kali, na alitaka mtoto afikishwe hospitalini saa ile ile. Hapakuwa na uhaba wa maneno hapo. Palikuwa na maneno mawili, homa ya malaria na degedege, yaliyogawana mwili mmoja wa mtoto mmoja kana kwamba ni mashamba mawili yenye mpaka.

Naomba tusiharakishe kucheka. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Ni imani ya kale, tena yenye makosa, kwamba ugonjwa hutoka katika mvuke wa vinamasi. Hakuna daktari anayetaka neno hilo lifutwe kwa sababu linasema uongo kuhusu chanzo cha ugonjwa; uongo umekufa ndani ya neno na neno limebaki. Kwa nini basi degedege lisipewe nafasi hiyo hiyo? Kwa hakika ndivyo ilivyoanza kutokea. Elimu ya afya ililitumia neno lenyewe, ikalifungamanisha na malaria badala ya kulipiga marufuku, na utafiti uliofanywa katika bonde la Kilombero kati ya mwaka 2004 na 2008 uliona kwamba watu waliolihusisha degedege na malaria, na waliotafuta tiba ya hospitali, walikuwa wakiongezeka. Neno halikubadilika. Kilichobadilika ni majirani zake.

Ila kuna swali ambalo elimu hiyo haikulijibu, na mama mwenye akili atauliza. Umeniambia mbu amemwuma mwanangu na wadudu wameingia katika damu yake. Damu iko mishipani. Joto limetoka wapi, na mtetemeko je? Jibu la swali hili ndilo linalotufikisha kwenye protini yetu.

Kinachotokea ndani ya seli

Kimelea cha malaria, hususan kile kiitwacho Plasmodiamu falsiparamu ambacho ndicho kitawalacho Kilombero, huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa takriban saa 48, kikijigawa. Mwishowe chembe hupasuka. Vimelea vipya hutoka kutafuta chembe nyingine, na pamoja navyo humwagika katika damu masalia: vipande vya utando wa kimelea, na punje nyeusi zilizobaki baada ya kimelea kuila himoglobini, punje ambazo huweza kunasiwa na DNA yake. Masalia hayo hukutana na chembe nyeupe za ulinzi. Juu ya utando wa chembe hizo, na katika vifuko vya ndani yake, zimo protini ziitwazo vipokezi. Kipande cha kimelea kikikaa katika kipokezi kinachokioana nacho, umbo la kipokezi hubadilika.

Hapo ndipo mpokezano unapoanza. Badiliko la umbo upande mmoja huvuta protini nyingine upande wa ndani, nayo huvuta nyingine, mpaka kinafikiwa kimeng’enya kimoja cha aina ya kinesi. Kinesi ni vimeng’enya vinavyopachika fosfati juu ya protini. Na ndani ya maji ya seli, nje ya kiini, ipo protini inayongoja. Jina lake la kimataifa ni NF-kapa-B, nami nitaiita NF kwa ufupi. Inangoja kwa sababu imenaswa: protini nyingine, I-kapa-B, ambayo ni kizuizi, imeifumbata na kuufunika ule upande wake ambao ndio kibali cha kuingia katika kiini. Kinesi inapopachika fosfati juu ya kizuizi, kizuizi hutiwa alama nyingine, vijiprotini viitwavyo ubikwitini, na kilichotiwa alama hiyo hupelekwa katika kinu cha seli na kusagwa. NF inanasuka. Inaingia katika kiini, inashika sehemu mahususi za DNA, na jeni kadhaa zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa. Miongoni mwa zitengenezwazo ni protini iitwayo TNF, na jamii ya interlukini. Hizi hutoka katika seli, husafiri kwa damu, na ujumbe wake hufika katika ile sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili. Kiwango cha joto kinachotakiwa hupandishwa. Mwili ulio na nyuzi 37 sasa unahesabiwa na ubongo wake wenyewe kuwa ni wa baridi, na misuli inaamriwa itetemeke ili izalishe joto. Ndiyo maana mtoto anayewaka kama kaa huomba kufunikwa blanketi.

Kuna jambo moja zaidi, nami naliona kuwa zuri kuliko yote. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa na NF imo jeni ya kizuizi chake chenyewe. Kizuizi kipya kinatengenezwa, kinaifuata NF hadi ndani ya kiini, kinainasa na kuirudisha nje. Mwito ukiendelea, kizuizi kipya nacho husagwa, na NF huingia tena. Basi katika seli nyingi zilizochunguzwa NF imeonekana ikiingia na kutoka kiini kwa zamu, mfano wa pumzi.

Majina ya protini hizi yanastahili neno, maana tunaambiwa kwamba Kiingereza kina istilahi sahihi na sisi tunabahatisha. NF-kapa-B ilielezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore nchini Marekani. Waliikuta katika kiini, ndani ya seli za aina ya B zitengenezazo kingamwili, ikishika jeni ya sehemu ya kingamwili iitwayo kapa. Jina likatungwa kutokana na hayo matatu. Baadaye ikagundulika kwamba imo karibu katika seli zote za mwili, kwamba muda mwingi hukaa nje ya kiini, na kwamba jeni ya kapa ni moja tu kati ya mamia ya jeni inazogusa. TNF nayo ilipewa jina mwaka 1975 kwa sababu iliua uvimbe wa saratani katika panya. Sasa tunaikuta ikipandisha homa ya mtoto wa Idete asiye na uvimbe wowote. Majina yote mawili yamepitwa na maarifa, na hayajamzuia mtu kufanya kazi. Jina la kitaalamu ni anwani ya nyumba. Halilazimiki kuwa picha yake.

Nani anatenda?

Tazameni sasa vitenzi nilivyotumia. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza husema seli zinaongea, protini inatambua, kimeng’enya kinaamuru. Wanajua ni mafumbo, lakini fumbo likizoeleka hugeuka kuwa maelezo. Tukiyatafsiri neno kwa neno tunapata Kiswahili kinachosomeka kama hekaya ya sungura na fisi, na msomaji wetu, ambaye amekwisha kusikia kwamba degedege lina mwenye kulileta, hana sababu ya kudhani kwamba safari hii tunatania.

Neno ishara ni zuri, ila lina mtoaji na lina mkusudiwa. Mtu humpa mwenzake ishara. Dalili haina mtoaji, lakini ina msomaji, naye ni tabibu. Mbiu inavutia kuliko zote, kwani sote twajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu ina mpigaji, na ndani ya seli hayupo. Kilichopo ni badiliko linalopita kutoka protini hadi protini. Kwa hiyo napendekeza tuseme mpokezano wa ishara. Kutokana na kupokea tuna kupokeza, na kutokana na kupokeza tuna kupokezana: kila mmoja anapewa na kila mmoja anatoa, wala hakuna anayelazimika kujua mwanzo wala mwisho wa habari. Watu waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua hupokezana ndoo hivyo hivyo.

Hazina yetu kubwa zaidi ni kauli ya kutendeka. Kiswahili chaweza kusema mlango umefunguka bila kumtaja aliyefungua, na bila kudai kwamba hakuna aliyefungua. Kauli ya kutendewa haifanyi hivyo: mlango umefunguliwa, na papo hapo tunataka kujua ni nani. Biolojia ya seli inaishi katika nafasi hiyo ya kauli ya kutendeka. Umbo linakunjuka, kizuizi kinasagika, jeni inasomeka. Na kwa protini yetu lugha imetuwekea akiba ya maneno matatu yanayotosha: kunasa, kunasua, kunasuka. Kiambishi cha kutendua kinapindua kitendo, na kile cha kutendeka kinamwondoa mtendaji. Kisa chote cha NF kimo katika mzizi mmoja: inanaswa, inanasuliwa kwa kazi ya kinesi, inanasuka.

Nimeandika kinesi kwa makusudi. Wako wanaopendelea kinasi, kwa kufuata tahajia ya Kiingereza. Lakini sikio la Mswahili litalisikia kinasi kuwa ndugu wa kinasa, kama katika kinasa sauti, yaani kitu kinasacho. Ilhali kimeng’enya hiki, katika kisa hiki, ndicho kinachonasua. Tutakuwa tumekiita kwa jina la hasimu wake. Kukopa neno si kulivusha mpaka tu. Ni kuangalia limefikia kwa nani.

Kimelea, mlinzi na ngeli zao

Mwanafunzi mmoja anaweza kuniuliza: kwa nini usiiite I-kapa-B mlinzi, au askari wa zamu? Itaeleweka mara moja. Itaeleweka, lakini upatanisho wa kisarufi utatutoza gharama. Nikisema mlinzi, lazima niseme anaikamata, amechoka, ameuawa. Kiswahili hakiruhusu mlinzi inakamata. Neno moja tu, na kiambishi cha a- kimeshaingiza roho ndani ya molekuli. Nikisema kizuizi, sentensi nzima inabaki katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya ala na vyombo, kando ya kisu, kijiko na kinu. Kwa bahati njema istilahi zetu nyingi za eneo hili zimeangukia humo: kipokezi, kimeng’enya, kichocheo, kizuizi. Sidhani kwamba waliozitunga walikaa wakapanga hivyo. Lugha yenyewe iliwaongoza mkono.

Kimelea ndicho chenye mgogoro. Ni kiumbe hai, kinakula, kinazaa. Kwa kanuni ya viumbe hai tungetarajia vimelea wameingia, kama tusemavyo viboko wameingia mpungani, na watu wa Kilombero huyasema hayo kwa uchungu. Hata hivyo waandishi wengi wa afya huandika vimelea vimeingia. Je, wamekosea? La hasha. Kimelea kimetokana na kumea, kwa kauli ya kutendea: kitu kimeleacho juu ya kingine. Ni sitiari ya mmea, na mimea katika sarufi yetu, ingawa ina uhai, haipewi upatanisho wa wanyama. Mti umeota, haukuwa ameota. Yule mwenye kusema wadudu wameingia katika damu na yule mwenye kusema vimelea vimeingia wanaona picha mbili tofauti. Wa kwanza anaona kundi linaloshambulia na ambalo dawa italiua. Wa pili anaona kitu kilichootea mahali na chaweza kukaa humo msimu baada ya msimu. Kwa malaria ya Kilombero, picha ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Kabla sijaeleza kwa nini, niseme neno juu ya mseto. Tanzania ilipoanza kutumia tiba ya dawa mbili pamoja, mwishoni mwa mwaka 2006, ilihitajika istilahi. Lilichukuliwa neno la jikoni, chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja, na dawa mseto ikaeleweka kuanzia Ifakara hadi Kigoma. Neno hilo linabeba hata masharti ya tiba: atakayechambua choroko aache mchele hakula mseto. Sina hakika kwamba kamati yoyote ingeweza kufanya vizuri zaidi.

Vimelea bila homa

Mapema katika miaka ya 1990 watu wa vijiji kama Idete na Namawala waliumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi mno kwa mwaka, kwa mamia. Watoto wadogo waliugua na kufa. Watu wazima, walioumwa na mbu wale wale, walitembea na vimelea katika damu yao na kulima mpunga. Maambukizi yamepungua sana tangu wakati huo, na sehemu kubwa ya yaliyobaki bondeni inaenezwa na mbu aina ya Anofelesi funestasi. Lakini wenye vimelea wasiougua bado wapo. Kwao vimelea vipo, na mbiu hailii. Kingamwili ni sehemu moja ya maelezo. Sehemu nyingine iko katika mpokezano wenyewe: chembe nyeupe zilizokutana na masalia ya kimelea mara nyingi hupunguza mwitikio wake, na TNF itengenezwayo ni kidogo.

Hapa usawa wa malaria na homa, ambao elimu ya afya ilijitahidi sana kuujenga, unageuka kuwa kikwazo. Ukimwambia mzee mwenye afya yake kwamba ana malaria, atakutazama kwa huruma. Kwa Kiswahili alichofundishwa zahanati, malaria ni homa, naye hana homa. Lakini mbu anayemwuma leo ataweza kumwambukiza mjukuu wake, na mjamzito mwenye vimelea visivyopandisha homa anaweza kupungukiwa na damu na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Kinyume chake nacho kina mafunzo. Ilipofahamika kwamba TNF nyingi huandamana na malaria kali, watafiti nchini Gambia walijaribu kuwapa watoto wenye malaria ya ubongo kingamwili ya kuizima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Homa ilishuka upesi. Vifo havikupungua, na miongoni mwa walionusurika, waliobaki na kasoro za mishipa ya fahamu walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa kingamwili hiyo. Homa ilikuwa imetengwa na ugonjwa, katika wodi, kwa njia ya kuhuzunisha.

Hali ya kuwa na vimelea bila homa tuiite nini? Uvumilivu umependekezwa, na ustahimilivu pia. Yote mawili ni maneno ya maadili. Avumiliaye anajua anachovumilia, na hupewa sifa. Watu wa kawaida wana neno lao: mwili umezoea. Nalipendekeza neno mazoea liingie katika istilahi zetu kwa maana hii, kwa sababu mazoea huja kwa kurudiarudia na hupotea kwa kukaa mbali, jambo ambalo ndilo humpata kijana wa Ifakara aliyeishi miaka mingi ughaibuni na kurudi likizo, akalazwa kwa malaria wiki ya tatu huku ndugu zake wakishangaa. Hatari ya neno hili naijua: lililozoeleka hudhaniwa kuwa halina madhara. Kwa hiyo halifai kusimama peke yake katika kipeperushi cha mjamzito.

Namna ya kuliandikia wodi na zahanati ni kazi iliyo mbele yetu, si ya wanabiolojia. Sentensi ninayoipendekeza kwa sasa ni hii: unaweza kuwa na vimelea vya malaria mwilini bila kuwa na homa. Mwenzangu mmoja wa isimu anaona kwamba maneno ya malaria yaondolewe humo, ibaki vimelea tu, ili msomaji asirudi kwenye homa kabla hajaimaliza sentensi. Mimi naona vimelea peke yake vitamfikisha msomaji kwenye minyoo. Ningependa kuwasikia wanafunzi waliotoka katika bonde hilo, kwani kwa zaidi ya nusu karne tumekuwa tukiwauliza maswali kuhusu homa.